Perpetua Mukai: Tulimpeleka Mwana, Akapimwa Mama

Padre wetu, wazee wa ukoo, mama wa jumuiya, majirani wa Wamunyu na nyinyi mliotoka Kangundo alfajiri: familia imemwomba Aloys Kaloki, ndugu mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake. Yenye tarehe tumeyaandika kwa tarehe. Mahali ambapo sisi wenyewe hatukuelewa, tumeandika kwamba hatukuelewa, kwa sababu marehemu hakupenda mtu aongeze maneno ili habari ipendeze.

Perpetua Mukai alizaliwa tarehe 9 Septemba 1959 huko Kangundo, katika boma la marehemu Mzee Wathome na marehemu Mama Ndunge, wakulima wa kahawa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Alibatizwa mwaka huohuo. Nyumbani tulizungumza Kikamba, lakini Mzee Wathome alikuwa na redio ya betri, na Mukai alikaa chini ya ile redio kama kifaranga chini ya kuku. Kabla hajaanza shule alikuwa akiongea Kiswahili cha mtangazaji wa habari. Siku moja chifu alipita, watu wazima wakiwa shambani, na msichana huyu mdogo akamwambia, "Karibu, bwana chifu. Baba hayupo kwa sasa. Tafadhali subiri kidogo." Chifu aliuliza kama hapo ni nyumbani kwa mwalimu. Tangu siku hiyo watoto wa jirani walimwita Mtangazaji. Na ukisema "hii kiti" mbele yake, alikwambia "kiti hiki," hata kama wewe ni mgeni na ndio kwanza unakikalia. Wengine waliona ni akili nyingi. Wengine waliona ni utovu wa adabu. Baba yetu alicheka tu.

Kuna jambo jingine la utotoni ambalo msomaji wa wasifu huu anatakiwa kulitaja. Wakati wa chakula, Mukai alikuwa na desturi ya kumvuta ndugu yake Aloys shati na kumnong'oneza, "Mama amekasirika, ama amechoka?" Aloys akijibu kwamba amechoka, Mukai alitulia na kula. Aloys alikuwa mdogo kwake kwa miaka miwili, na alidhani dada yake anamchezea.

Alisoma shule ya msingi palepale Kangundo kuanzia mwaka 1966 hadi 1973, kisha akaenda shule ya bweni ya wasichana hadi 1977. Darasani hakuwa na shida. Shida ilikuwa bweni: kelele, vicheko vya wengi kwa pamoja, na wasichana kubadilisha urafiki kila muhula. Ripoti zake zote ziliandikwa kwamba ni mtulivu na mwenye heshima. Wenzake walisema anaringa. Yeye alipoulizwa na mama nyumbani kama ana marafiki, alijibu, "Yuko mmoja. Tunasoma pamoja, hatuongei." Mama aliridhika. Sisi tulishangaa.

Baba yetu alifariki Agosti 1976. Kaburini watu walilia, na Mukai akasimama mbele ya jeneza, uso mkavu, akauliza kwa ile sauti yake ya redio, "Sasa kahawa itapogolewa na nani?" Shangazi zetu walishika vichwa. Mmoja alisema hadharani kwamba mtoto yule hana moyo. Lakini wiki zilizofuata, Mukai alivaa koti la baba, akachukua makasi, akapogoa shamba lote, mti kwa mti, vile baba alivyokuwa akifanya, na hakumruhusu mtu mwingine kuugusa hata mti mmoja. Alipomaliza aliugua homa. Mtu asiye na moyo anaweza kufanya hivyo? Tulijiuliza wakati ule.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa opareta wa simu, akafundishwa kazi Nairobi, na mwaka uliofuata akaletwa kituo cha simu cha Machakos. Wale vijana ambao hamkuzikuta siku hizo: ulikuwa hupigi simu mwenyewe. Unamwomba opareta, naye anachomeka waya kwenye ubao mbele yake ili akuunganishe na Mombasa au Kisumu. Kazi ile ilimfaa Mukai kama mpini na jembe. Maneno yalikuwa yaleyale kila siku: nambari tafadhali, subiri kidogo, nakuunganisha, usikate. Hakuna uso wa kuangalia. Masikio yamefunikwa. Sauti yake ikawa inajulikana wilaya nzima. Wafanyabiashara wa Ekalakala walikuwa wakisema, "Nipatie yule mama wa taratibu." Alipongezwa na wakubwa wake mara nyingi, na alisema waziwazi kwamba ile ndiyo miaka aliyoelewa dunia inataka nini kwake.

Ndivyo alivyokutana na Bartholomew Maundu, mchongaji wa vinyago wa hapa Wamunyu. Maundu alikuwa akienda mjini kupiga simu Mombasa kwa mnunuzi wa twiga na swala. Mnunuzi alikuwa hapatikani mara nyingi, na Maundu akajikuta hajali. Alikuwa akirudi kusikia ile sauti ikimwambia asubiri kidogo. Mwaka 1982 alijikaza akaomba kumwona mwenye sauti. Alimletea swala mdogo wa mpingo, amempiga msasa mpaka anang'aa.

Mukai alimgeuza yule swala, akasema, "Mguu huu ni mrefu kuliko huu."

Maundu anasimulia kwamba alitamani ardhi impasukie. Msichana hakucheka, hakumwangalia, hakusema asante. Maundu alidhani amekosea mtu. Akasema, "Basi dada, kama umenikataa niambie nijiendee."

"Sijakukataa," Mukai alijibu. "Nasubiri umalize kusema ulilokuja kusema."

Akalisema. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1983, na Mungu akawajalia watoto wawili: Ndambuki, aliyezaliwa Juni 1985, na Nzilani, aliyezaliwa 1988 na kupewa jina la nyanya yake.

Hapa Wamunyu, mwanzoni, bibi harusi alisifiwa. Hakuwa akiwatazama wakwe machoni, na hiyo kwetu ni heshima. Hakuwa na umbea. Akiambiwa jambo la nyumba alilishika mara moja na hakulisahau. Mama mkwe wake aliwaambia wenzake kanisani kwamba Maundu ameoa mtoto wa watu. Lakini miaka ikapita na sifa zilezile zikageuka maswali. Mbona mpaka leo haangalii mtu? Mbona kwenye harusi, wanawake wakikaa kumenya viazi na kucheka, yeye anachukua mtungi kwenda kuteka maji yasiyohitajika? Mama mkwe, ambaye yuko hapa leo na ametukubalia tuliseme, alimwambia mwanawe, "Mke wako ni mtu mzuri. Lakini nikikaa na yeye naona kama niko peke yangu."

Mwaka 1997 mitambo mipya ilikuja, simu zikaanza kujiunganisha zenyewe, na maopareta wakatawanywa. Mukai alipelekwa kaunta ya mbele, mahali watu wanaleta malalamiko. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mteja anasema "nimefurahi sana na huduma yenu" huku amekasirika, na Mukai anamwambia karibu tena. Mteja anapiga meza. Watano wanaongea kwa pamoja. Jioni alifika nyumbani akiwa hana neno hata moja mdomoni, akakaa jikoni na taa imezimwa. Watoto walijifunza kutembea polepole. Siku moja ya mwezi Machi 1998, mtu mmoja alimpigia kelele kwa muda mrefu, na wafanyakazi wenzake wakamkuta chini ya kaunta, ameziba masikio, anarudia, "Subiri kidogo tafadhali, subiri kidogo tafadhali."

Hatutaficha yaliyosemwa. Wengine walisema ni mapepo, na akaombewa mpaka sauti za waombaji zikawa ndizo zinazomuumiza. Wengine walisema amerogwa na mtu wa kazini. Hospitali moja ilimpa vidonge vilivyomlaza mchana kutwa, nyingine ikasema ni huzuni tu. Aliacha kazi mwaka 1999. Maundu alikuwa akikaa kwenye kibanda chake cha uchongaji, tezo mkononi, gogo mbele yake, na hachongi kitu. Alimwambia shemeji yake Aloys, "Niko na mke miaka hii yote, na sijui ni nini nimemfanyia."

Kisha ikaja habari ya Ndambuki. Mwezi Mei 2001 alikuwa kidato cha pili, na shule ikamrudisha nyumbani. Walimu walisema kijana haangalii mtu machoni, anaongea kama taarifa ya habari, hachangamani na wenzake, na aliposutwa na mwalimu mkuu kwa kejeli, "Endelea tu, unafanya vizuri sana," aliendelea. Wakasema apimwe akili kwanza, la sivyo asirudi. Mtaelewa jinsi nyumba ilivyoingiwa na hofu. Mama amenyamaza, sasa na mtoto?

Mtu alimwelekeza Maundu kwa Daktari Layla. Huyu ni binti wa Mzee Abdulatif, mwenye duka la vitambaa mjini Machakos. Alisomea saikolojia ng'ambo, na wakati ule alikuwa akija kutoka Nairobi kila Jumamosi kuona watu katika chumba kilicho nyuma ya duka la baba yake. Walikwenda Ndambuki, wazazi wake na nyanya yake, mama yake Maundu. Nyanya alitazama majora ya kitambaa, akatazama kile chumba chenye meza na viti, akauliza, "Daktari gani anapima watu bila sindano?"

Daktari Layla alimpa kijana picha za kupanga, akamsomea visa vifupi na kumuuliza nani amekosea na kwa nini, akazungumza naye peke yake. Halafu akawaita wazazi, akamgeukia mama aeleze utoto wa mwanawe. Maundu ametusimulia mazungumzo yale mara nyingi, na tunaamini yalikwenda hivi.

"Alipokuwa mdogo, kelele zilikuwa zikimsumbua?"

"Zinasumbua kila mtu," alisema Mukai. "Mvua ikipiga mabati inaingia kwenye meno."

"Meno ya nani, mama?"

"Yangu."

"Naam. Na yeye alikuwa anaweza kujua mtu akikasirika?"

"Hilo mtu hulijua akiangalia nyusi kwanza, halafu mdomo, halafu analinganisha na yale mtu huyo aliyosema jana."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ndambuki ndiye anafanya hivyo?"

"Kila mtu anafanya hivyo."

Maundu akasema polepole, "Mama Ndambuki, mimi sijawahi kufanya hivyo hata siku moja."

Mukai alimgeukia mumewe na kumtazama usoni, jambo alilolifanya kwa nadra sana. "Sasa unajuaje?" aliuliza.

Maundu alisema anajua tu.

Kuhusu kijana, daktari alisema hivi: hana tatizo walilolidhania. Ni mwenye haya, ni mwoga kwa sababu nyumbani kumekuwa kuzito, na namna ya kuongea ameipata kwa aliyemfundisha kuongea, kama mtoto mwingine yeyote. Alikwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu mkuu, na Ndambuki akarudi darasani mwezi uliofuata. Lakini akamwambia Maundu, "Ukiniruhusu, na mwenyewe akikubali, ningependa kukaa na mama."

"Tumeleta mtoto," alisema nyanya. "Hatukuleta mama."

Mukai akasema, "Nakubali."

Alikwenda Jumamosi kadhaa. Alionyeshwa picha za macho tu, zilizokatwa juu na chini, aseme mwenye macho hayo anahisi nini. Yalikuwa macho ya Wazungu, na Mukai alilalamika kwamba hawa si watu wake. Daktari alicheka, akakiri kwamba vipimo vile vilitengenezwa huko kwao kwa ajili ya watu wa huko, wengi wakiwa wavulana, na kwamba yeye amelazimika kuongeza visa vya huku. Kimoja kilikuwa hiki: mgeni ameletewa chai, naye anasema hapana, nimeshiba. Mwenye nyumba afanye nini?

"Aiondoe," alisema Mukai. Akafikiri. "Hapana. Amwekee mbele yake. Huku kwetu mgeni husema ameshiba hata akiwa na njaa. Mama mkwe alinifundisha mwaka 1984."

Majibu mengi aliyatoa hivyo: kwanza kimya, kisha jibu sahihi, kisha jina la mtu aliyemfundisha. Kwa alama tupu, daktari alisema, Mukai angepita kama mtu yeyote. Ndiyo maana hakuna aliyemtambua. Lakini wengine hulifikia jibu bila kujua wamepita wapi, na yeye alikuwa akipanda mlima kila mara. Kwa kuwa mama yetu alikuwa amekwisha kufariki, Aloys aliitwa kueleza utoto wa dada yake. Alisimulia habari ya kuvutwa shati, akicheka. Daktari hakucheka. Aliuliza, "Hiyo iliendelea mpaka lini?" Aloys akafikiri, akasema, mpaka alipokwenda bweni. Na hapo akaona kwamba huko bweni hapakuwa na shati la kuvuta. Hakuweza kumaliza soda aliyokuwa amepewa.

Tarehe 13 Oktoba 2001 daktari alituambia alichoona. Alitumia neno la Kizungu. La Kiswahili hatukulijua wakati ule. Siku hizi tunasikia linaitwa usonji. Alisema Mukai alizaliwa nalo, kwamba kwake lilikuwa jepesi, limefunikwa na bidii na adabu, na likajitokeza wazi alipopewa kazi ya kusoma nyuso kutwa. Alisema pia kwamba anaweza kuwa amekosea, kwa sababu hakuna aliyewahi kutengeneza kipimo cha mama wa Kikamba wa miaka arobaini na miwili.

Nyanya aliuliza, "Iko na dawa?"

"Haina, mama. Si ugonjwa wa kutibu."

"Si ugonjwa, haina dawa. Sasa tumekuja kufanya nini?"

Daktari alianza kujibu, na hapo Mukai akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, mpaka Mzee Abdulatif akachungulia kutoka dukani. Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia akicheka hivyo. Maundu alimshika mkono akidhani amerukwa. "Mimi nilidhani watu wote wanapiga hesabu hiyo," alisema akifuta macho, "ila ninyi ni wepesi kuliko mimi." Alirudi nyumbani akalala tangu saa nane hadi kesho yake, bila kidonge.

Familia ingependa kusema kwamba tangu hapo tulielewa. Hatukuelewa. Mwaka uliofuata tulimpeleka kwa daktari mwingine Nairobi, naye akasema haiwezekani: mwanamke ameolewa, ana watoto, amefanya kazi ya kuongea na watu miaka kumi na saba. Akasema ni uchovu. Kwa hiyo tuko na maneno mawili ya madaktari wawili, na mpaka wiki hii tulipokaa kuandika wasifu huu, ukoo ulikuwa umegawanyika. Wazee wawili walitaka sehemu hii yote iondolewe, wakisema si vizuri mtu kuzikwa na habari za akili. Maundu alisema, "Aliniomba isemwe. Sitamdanganya akiwa amelala." Aloys, anayesoma, hajui hadi sasa aite jambo lile jina gani. Anajua alichoona kikibadilika.

Maundu alianza kusema mambo kwa maneno. Akiingia nyumbani alitangaza mlangoni, "Nimekasirika. Si kwako, ni kwa mnunuzi." Mwanzoni tuliona aibu kumsikia. Majirani walidhani sasa ni yeye amepatwa. Lakini Mukai akawa anaendelea na sufuria yake kwa amani. Alichukua kazi ya kupiga msasa vinyago, kwenye kona ya kibanda, na akawarudisha swala wengi wenye miguu isiyolingana. Mama wa jumuiya waliacha kumlazimisha kukaa kwenye kumenya, wakampa kusoma masomo ya Jumapili. Wengi wenu mlimsikia. Padre alisema akisoma Mukai, hata watoto wananyamaza. Mama mkwe naye siku moja alimuuliza moja kwa moja, kwa mara ya kwanza, "Wewe, unanipenda?" Mukai akajibu, "Ndiyo, tangu mwaka 1985, uliponilelea Ndambuki nikiwa mgonjwa. Sikujua hujui." Nyanya alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alisema hajui kama ni furaha au ni kitu gani.

Mwishoni mwa mwaka 2005 alianza kuumwa tumbo. Alikwenda zahanati peke yake na kusema, kwa sauti yake ileile ya taarifa ya habari, "Nina maumivu makali sana upande wa chini." Uso haukuonyesha chochote. Akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Alirudi mara ya pili, ya tatu, kila mara akasema maneno yaleyale, kila mara akapewa dawa ileile. Mara ya nne Maundu aliacha kazi akaenda naye. Mhudumu alimtazama Mukai, ametulia kitini mikono mapajani, akasema mama huyu hana shida kubwa.

"Daktari," alisema Maundu, "usiangalie uso wake. Uso wake hauongei. Sikiliza maneno. Huyu mtu tangu azaliwe hajawahi kutia chumvi. Akisema ni makali sana, mimi ningekuwa nimelala chini nalia."

Alitumwa hospitali kubwa siku hiyohiyo. Uvimbe ulipatikana kwenye kifuko cha mayai, akapasuliwa Februari 2006. Waliompasua walisema angechelewa kidogo tu, tusingekuwa na la kuzungumza. Tuliupata mwaka mmoja na nusu ambao hatukuwa tumeandikiwa. Katika muda huo alimwona Ndambuki akihitimu ufundi wa umeme, na Nzilani akiingia kidato cha nne. Ugonjwa ulirudi Mei mwaka huu. Aliupokea akiuliza maswali mengi, yote ya wazi: utauma wapi kwanza, nani atampigia msasa Maundu vinyago vya oda ya Desemba, wimbo gani utaimbwa, na ikiwezekana watu wasiimbe kwa kipaza sauti. Mmeona leo hakuna kipaza sauti. Ni kwa ajili yake.

Alifariki hospitalini Machakos, Jumatano tarehe 8 Agosti 2007, saa kumi za mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Maundu alikuwa naye. Anasema Mukai alifungua macho, akamtazama kwa muda mrefu, nyusi, kisha mdomo, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Uso wako unasema nini?"

Maundu akamwambia, "Unasema sitaki uende."

"Asante kwa kuniambia," alisema Mukai.

Ameacha mume wake, Bartholomew Maundu, wanawe Ndambuki na Nzilani, mama mkwe wake Nyanya Nzilani, ndugu zake wanne akiwemo msomaji huyu, mashemeji, na jumuiya nzima ya Wamunyu. Daktari Layla yuko nasi, ameketi na wanawake wa jumuiya, na familia inamshukuru, hata wale ambao hawajakubaliana naye.

Sisi tumeishi na Mukai bila kumjua sawasawa, na wengine wetu tunarudi nyumbani leo tukiwa bado tunauliza. Mwenyezi Mungu aliyemuumba hana haja ya kumpima. Ampokee, na ampe pumziko lenye utulivu.